Tulivyomla kasa wa ujirani mwema kule Amu, na mimi ndiye niliyeandika minutes

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Mimi humu ni msomaji tu. Nimepita miaka themanini, natumia simu kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona herufi zimeruka mnisamehe. Lakini juzi mmeweka picha ya mkutano wa nchi jirani kuhusu mbuga za mpakani. Wakubwa wamevaa fulana za rangi moja, wameshikana mikono, na nyuma yao kuna meza ya chakula ndefu kuliko bendera zote. Chini yake mkuu mmoja akaandika kwamba hatimaye tumeamka, ushirikiano wa namna hii haujawahi kuonekana.

Nikasema hapana, huu uzi lazima niuandike kabla sijafa.

Nitakayosema yalitokea mbele ya macho yangu, na sehemu moja ilitokea mdomoni mwangu. Sina sababu ya kuongeza chumvi, maana hata mimi mwenyewe sitoki vizuri humu ndani.

Ilikuwa miaka ya sitini, inakaribia kwisha. Mimi ni Mtaita, kijana wa miaka ishirini na kitu wakati huo, nimesomea taipu, serikali ikanitupa Lamu, ambayo wenyeji wanaiita Amu, kuwa karani. Ofisi yenyewe sitaitaja. Bosi wangu naye sitamtaja. Tulimwita Mkubwa, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilobatizwa. Alikuwa mtu wa bara kama mimi, anavaa soksi ndefu mpaka magotini kwenye joto lile, na samaki hakuwa anakula kwa sababu alisema wana macho.

Kwa wasiojua historia: vita vya shifta, wale waasi wa mpakani, vilikuwa ndio vinapoa. Kule kaskazini, kuelekea Kiunga na mpaka, vijiji vilikuwa vitupu. Watu walikimbia, wengine walihamishwa, wakaja kubanana Amu na Pate kwa jamaa zao. Kurudi kwenu ilikuwa lazima uwe na kibali chenye muhuri. Muhuri ulikuwa kwenye droo ya Mkubwa, na ufunguo wa droo ulikuwa kwenye soksi yake. Si utani, alikuwa anauweka kwenye soksi.

Kati ya watu waliokuja ofisini kuomba kibali kila wiki alikuwa Bwana Lali, mvuvi wa kasa kutoka kijiji kimoja karibu na Kiunga.

Mtu mwembamba, mpole, kanzu moja safi ya kuja nayo serikalini. Anasimama mlangoni, anasalimia, anauliza kama kibali chake kimetoka. Namwambia bado. Anashukuru, anaondoka. Ulikuwa mwaka wa tatu analala kwenye stoo ya makuti ya shemeji yake, yeye na mkewe. Kwao aliacha nyumba, msikiti, kisima, minazi, na kaburi la mamake. Hakuwahi kupandisha sauti hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa linanikera, kwa sababu mtu akikufokea unapata pa kushikia.

Sasa basi, nchi tatu zikaamua zipendane.

Sisi, jirani wa kaskazini na jirani wa kusini. Majina msiniulize, ramani mnayo. Mtaalamu fulani alikuwa amegundua kwamba ndovu na kasa wanavuka mipaka bila kujali nani amegombana na nani. Wavuvi walikuwa wanalijua hilo tangu enzi, lakini wao hawakuwa na barua yenye nembo. Ikaamuliwa majirani wakutane Amu siku mbili, wakubaliane kulinda pwani na misitu ya mpakani kuwa hifadhi moja, bila ugomvi.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na mpaka leo nasema ni zuri. Kasa hana pasi. Ukimlinda huku na mwenzako anamchinja kule, umecheza tu. Ila mimi nimezaliwa Taita, na sisi tunajua mbuga inavyokuja. Unalala shamba ni la babu yako, unaamka ni la ndovu. Kwa hiyo masikio yangu yalikuwa yamesimama kidogo.

Wageni wakatua Manda, kisiwa cha ng'ambo, kwa ndege ndogo, wakavushwa kwa boti. Mjumbe wa kusini alipofika gatini akauliza gari liko wapi. Akaonyeshwa punda. Akafikiri ni mzaha, akasimama pale na mkoba wake akisubiri, mpaka jasho likamfikia kwenye tai.

Siku ya kwanza, wakuu, nilitaipu mpaka vidole vikafa ganzi, na sijui nilitaipu nini.

Asubuhi nzima walijadili nchi gani itajwe kwanza kwenye waraka. Mmoja akasema tufuate alfabeti. Mwingine akauliza alfabeti ya lugha gani. Wakaenda kunywa chai. Waliporudi wakatandika ramani, kila nchi na yake, na kwenye ramani zile tatu ufuo wa kasa ulikuwa mahali patatu tofauti. Wakaenda kunywa chai tena.

Kitu kimoja tu kilipita bila ubishi. Kilikuwa kipengele cha tisa, kwamba eneo lote kutoka Kiunga kwenda mpakani liwe hifadhi isiyokaliwa, kwa kuwa halina wakaazi.

Halina wakaazi. Wakaazi wako hapo nyuma ya ofisi, wamelala kwenye stoo za watu, wanasubiri muhuri ambao ufunguo wake uko kwenye soksi. Niliitaipu sentensi hiyo bila kukosea hata herufi moja. Nilimkumbuka Bwana Lali, ndiyo, nikavuta karatasi nyingine.

Mkubwa naye alikuwa na jambo lake. Alitaka mkutano uishe na kitu cha kupigwa picha. Akapanga kwamba siku ya pili, alasiri maji yakijaa, viongozi watatu wa wajumbe wamwachilie kasa baharini, kila mmoja ameweka mkono kwenye gamba. Kasa wa ujirani mwema. Mpiga picha wa gazeti alikuwa ameshaletwa.

Shida ilikuwa moja tu, katika watu wote waliokuja kumwokoa kasa, hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumwona.

Ndipo alasiri ile Bwana Lali akaitwa. Mkubwa akamwambia mbele yangu: lete kasa mzima, na kesho jioni nakugongea muhuri, wewe na mkeo mwende kwenu. Bwana Lali akauliza mara mbili kama amesikia vizuri. Mkubwa akaweka mkono kifuani.

Tulipotoka nje nikamwambia Bwana Lali, eti kumbe kasa ndiye mwenye bahati, nchi tatu zinamgombania. Akatabasamu kidogo.

"Kasa hana nti, Bwana Karani," akasema, yaani nchi. "Mwenye nti ni mimi."

Mkubwa akanituma niandamane naye ili nihakikishe kasa ni wa serikali tangu anapotoka majini. Basi nikapanda hori lake, kimashua chembamba, tukaenda upande wa Manda.

Hapa naomba nitoke kidogo nje ya mada, maana nilichoona siku ile sijakiona tena. Bwana Lali hakuwa na wavu wala mkuki. Alikuwa na chazo, yule samaki mwenye kinyonyeo kichwani anayejibandika kwenye vitu. Alimfunga kamba mkiani, akamfuga ubavuni mwa hori, anamlisha vipande vya dagaa na kuzungumza naye kwa sauti ya chini. Akimwona kasa anamwachia chazo. Chazo anaenda kujibandika tumboni mwa kasa na haachi. Kazi yako ni kuvuta kamba polepole, kwa adabu, mpaka kasa anafika ubavuni.

Wa kwanza tuliyempata alikuwa mkubwa sana. Mimi nikapiga makofi. Bwana Lali akamtazama, akampapasa gamba, akambandua chazo na kumwacha aende zake.

Nikamuuliza una wazimu. Akasema, "Huyu ni mke, na huu ni wakati wake wa kutaga. Hatumtwai."

Kwao ilikuwa ndivyo, miaka nenda miaka rudi. Wake hawaguswi msimu wa mayai, na ufuo wa kutagia hauwashwi moto. Hakuna aliyekutana Amu kuwaandikia. Tukangoja mpaka tukapata dume, mwenye mkia mrefu, wa wastani tu. Nikafikiria kuuweka mwiko ule wa wake kwenye minutes, halafu nikakumbuka haukuwa kwenye agenda.

Siku ya pili, jua ndio linatoka, Bwana Lali akamleta yule dume mpaka jumba la wageni la serikali. Akanielekeza namna ya kumtunza. Mlaze chali asikimbie, mfunike gunia lililoloweshwa maji, muweke kivulini. Kisha akaenda zake kufunga mizigo na mkewe. Hakualikwa chakula cha mchana. Nani amwalike?

Kivuli nilikipata kimoja tu, uani, mlangoni pa jiko.

Sasa nisikilizeni hapa. Ratiba ya siku ile niliitaipu mwenyewe. Nakala za wajumbe nikatoa, ya Mkubwa nikatoa, ya mpiga picha nikatoa, hata ya polisi. Ya jikoni sikutoa. Karani wa serikali hapeleki waraka jikoni. Ndivyo tulivyokuwa, na sidhani kama mmebadilika.

Na jikoni siku ile kulikuwa na mgeni. Mkubwa alikuwa ameajiri mpishi wa harusi kutoka Siyu, kisiwani Pate, Bi Zena, mama wa watu, mnene, mcheshi, aliyefika alfajiri ile ile na masufuria yake. Aliambiwa apike ng'ombe. Mbuzi walikuwa wamejaa Amu, lakini Mkubwa alisema mbuzi ni wa wageni wa kawaida, hawa lazima wale ng'ombe, aletwe kutoka bara. Mashua iliyoleta ng'ombe yule ikakwama kwenye matope maji yalipokupwa. Saa zinakwenda, wageni wataka kula, nyama iko matopeni kule inalia, na sisi mkutanoni hatuna habari.

Bi Zena anatoka uani kutafuta kuni, anamkuta kasa chali, kivulini, amefunikwa gunia la maji, mlangoni pake.

Wakuu, kwao Pate kasa aliyelazwa hivyo mlangoni pa jiko siku ya karamu hana maana nyingine. Hata mtoto hawezi kukuuliza ni wa nini. Bi Zena akamshukuru Mungu, akaisifu serikali kwa kuwa na akili ya akiba, akaita wenzake, wakanoa visu.

Saa saba tukakaa kula. Wali wa nazi umechambuka, na nyama imepikwa kwa mafuta yake yenyewe, imekamuliwa ndimu. Najua kuna masheikh wanaokataa kasa na wapo wanaokubali, hilo si langu kulisemea. Mimi nasema tu kwamba hapakuwa na aliyeuliza nyama ile ni ya nini. Mjumbe wa kaskazini alisifu ng'ombe wa pwani. Mjumbe wa kusini akasema unatambua kabisa amelishwa majani ya karibu na bahari. Mkubwa, asiyekula kitu chenye macho kutoka majini, aliongeza sahani ya pili. Mimi pia niliongeza.

Na baina ya sahani ya kwanza na ya pili mjumbe wetu alisimama akatoa hotuba. Alisema kizazi kijacho kitatuuliza tulimfanyia nini kasa.

Alasiri tukashuka ufuoni kwa mwendo wa heshima. Watoto wa shule na bendera tatu ndogo. Mpiga picha amepiga goti. Bwana Lali amefika, amevaa kanzu yake, mkewe amekaa pembeni juu ya mizigo yao miwili. Walikuwa wamekuja na mizigo kabisa, kwa kuwa waliambiwa jioni.

Mkubwa akaniashiria nikamlete mgeni rasmi.

Nikaenda uani. Gunia lilikuwa limeanikwa kwenye kamba. Gamba lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga likasafika, limeegemezwa ukutani linakauka. Bi Zena ametoka na beseni la vyombo, uso unang'aa.

"Wageni wameshiba, Bwana?" akaniuliza.

Nikamjibu wameshiba, asante. Nilikaa kidogo kwenye kizingiti, nikilitazama lile gamba. Halafu nikarudi ufuoni, nikamnong'oneza Mkubwa kwamba kasa ameliwa. Akaniuliza na nani. Nikamwambia na sisi.

Nilimwona Mkubwa akifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo kwa haraka. Akageuka kwa wageni, akawaambia kwa masikitiko makubwa kwamba kasa ameibiwa, na kwamba mwizi hajulikani, ila aliyejua alipowekwa ni mtu mmoja tu. Akamnyoshea Bwana Lali kidole.

Bwana Lali hakuelewa mwanzoni. Alidhani anaitwa aje kuchukua kibali, akapiga hatua mbele. Polisi walipomshika mkono akanitafuta mimi kwa macho.

"Bwana Karani, nena," akasema. "Wewe ndiwe nliyekupa."

Wakuu, nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa viatu vya ngozi vyeusi, cha kushoto kina mchanga kwenye kamba. Nimesahau mengi maishani lakini vile viatu nimekataliwa kuvisahau. Mkewe hakulia, alianza tu kufungua mizigo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada.

Picha ilipigwa hivyo hivyo. Mpiga picha hakutaka kurudi mikono mitupu, kwa hiyo likaletwa karai la jikoni, likapinduliwa mchangani, likafunikwa lile gunia. Viongozi watatu wakaweka mikono juu yake na kutabasamu. Gazeti lilipotoka, huwezi kujua. Majirani wameungana kumwokoa kasa, na chini ya gunia ni karai lililokuwa na mabaki ya wali.

Kisha wakarudi barazani wakakikoleza kipengele cha tisa. Kwa kuwa sasa imethibitika wavuvi wa kule ni wezi wa maliasili, basi si Bwana Lali tu, asirudi mtu yeyote. Milele. Walikubaliana kwa dakika tano. Ushirikiano wa kweli nimeuona hapo.

Asubuhi yake niliwahi ofisini kutaipu waraka wa mwisho. Ndege inawasubiri Manda kabla ya adhuhuri. Bwana Lali yuko mahabusu, kuta mbili kutoka kwangu, na alikuwa anasoma Qurani kwa sauti ya kawaida tu. Hakuwa ananisomea mimi, lakini nilimsikia kila neno.

Nikafika kipengele cha kumi na tatu, shukrani kwa wenyeji. Hapo ndipo waraka ulipotakiwa uishie.

Nikaweka cha kumi na nne. Kilikuwa kwa Kiingereza, nawapa kwa Kiswahili: Wajumbe walipewa chakula cha mchana cha wali na kasa. Kasa huyo ndiye aliyekuwa aachiliwe baharini alasiri. Wajumbe wa nchi zote tatu, pamoja na mwenyeji wao, waliongeza. Bwana Lali, aliyemleta akiwa hai, hakuwepo mezani.

Nilijua kitu kimoja kuhusu watu wale. Siku mbili nimewaona wanabishana kuhusu jina la nani litangulie, lakini sijamwona hata mmoja akisoma karatasi hadi chini.

Wakaja na haraka, boti inanguruma. Wakauliza majina yamekaa kwa mpangilio gani. Nikawaonyesha ukurasa wa kwanza, wakaridhika, wakaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho, wakatia sahihi. Nakala tatu kwenye mikoba mitatu. Wakatupungia mikono, wakavuka.

Ndege ilipopaa nikampelekea Mkubwa nakala yake, nikabaki nimesimama. Alisoma polepole, anasogeza midomo. Alipofika chini midomo ikasimama.

Alinitukana kwa lugha ya kwao, nadhani, sikuielewa. Akasema nichane. Nikamwambia hiyo moja nitaichana, lakini nyingine zimo angani, zinakwenda miji mikuu mitatu. Nikamuuliza kwa upole kule juu watasemaje wakisoma kwamba mwenyeji wa mkutano wa kumwokoa kasa amemlisha nyama ya kasa mjumbe wa nchi ambayo juzi tu tulikuwa hatusemezani.  Meza ilikuwa kati yetu, namshukuru Mungu.

"Unataka nini?" akauliza.

Nikamwambia Bwana Lali atoke sasa hivi. Kibali chake na cha kila mtu wa kijiji chake. Na barua kwenda kwa wale watatu kwamba kipengele cha tisa kina kosa, eneo lina wenyewe, na cha kumi na nne ni cha mzaha, kiondolewe. Barua nimeshaitaipu, nikaitoa mfukoni.

Akainama, akachomoa ufunguo kwenye soksi.

Sasa sikieni mwisho wa habari hii ya kimataifa. Barua ilikwenda, na haikujibiwa na yeyote. Miezi ikapita. Hakuna aliyeuliza kuhusu kipengele cha tisa, cha kumi na nne wala cha kwanza. Hakuna aliyekuwa amesoma. Wajumbe wale hawakukutana tena, na kwa ninavyojua mimi nakala zile bado zimo kwenye mafaili matatu katika nchi tatu, na ndani yake imeandikwa kwa sahihi halali kwamba tulimla. Mimi nilimtisha Mkubwa kwa wasomaji ambao hawakuwepo.

Alipogundua hivyo akanihamisha. Ndani ya wiki nilikuwa Turkana, mahali ambapo huwezi kumwona kasa hata ukipewa likizo.

Funzo langu? Nikiona wakubwa wameshikana mikono juu ya kitu kilichofunikwa, natamani kufunua. Lindeni ndovu, lindeni kasa, lindeni mikoko yote, na majirani washirikiane kwa dhati, mimi naunga mkono. Lakini mkisikia eneo halina wakaazi, ulizeni wako wapi, na nani ana muhuri wao. Na la kwangu binafsi, ukweli nilioutaipu asubuhi ungekuwa na thamani zaidi kama ningeusema jana yake ufuoni, mbele ya mke wa mtu. Ushujaa wa nyuma ya meza ni nusu bei.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye wazee waliohamishwa mpakani, simulieni. Wenye kuhudhuria hiyo mikutano ya fulana, jiteteeni, nami nitajibu kwa kidole changu kimoja. Matusi leteni kiasi, nina presha.

NYONGEZA: Naona mko wengi mnaouliza kitu kimoja, na mmeweka na vikatuni vya kucheka. Mnauliza kasa alikuwa mtamu?

Na Bwana Lali aliniuliza hilo hilo.

Ilikuwa gatini Amu, siku anaondoka. Nilimweleza yote tangu mwanzo, mlango wa jiko, ratiba, sahani mbili, viatu. Alikuwa anafunga mizigo kwenye hori, mkewe ameshaketi.  Nilipomaliza akaniuliza kama alikuwa mtamu, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza uongo wangu wote wiki ile, nikamjibu ndiyo, alikuwa mtamu sana.

Akakaza fundo, akalijaribu.

"Tangu kuhamishwa sikula kasa," akasema. "Nalinena nitamla siku nitakapofika kwetu. Basi mumenitangulia."

Akasukuma hori, akaingia. Hakuniaga, na sikumlaumu.